Trauti walilindwa, ningu wakaisha

Kuna samaki Kenya aliyekuja nchini akiwa yai. Alitolewa Loch Leven, ziwa la Scotland, akawekwa kwenye baridi ndani ya meli, akashushwa Mombasa, akapandishwa treni, halafu akabebwa hadi Mto Gura kule Aberdare. Hiyo ilikuwa 1905. Anaitwa trauti. Hakuna mtu Kenya nzima aliyekuwa na njaa ya huyo samaki. Aliletwa ili walowezi wapate mchezo wa wikendi.

Aliyemleta ni Ewart Grogan. Kama hiyo jina ni mpya kwako, huyu ndiye buda aliyejulikana kwa kutembea kutoka Cape hadi Cairo kati ya 1898 na 1900, halafu akaja hapa kukata mashamba na misitu. Mwaka 1907 aliwachapa viboko Wakikuyu waliokuwa wakivuta mkokoteni wa kubebea abiria, hadharani, mbele ya mahakama ya Nairobi. Huyo huyo. Miaka miwili kabla ya viboko alikuwa anabembeleza mayai ya samaki yasipate joto.

Sasa shika hiyo tarehe, 1905, kwa sababu mwaka huo huo kitu kingine kiliingia upande wetu wa nchi. Mnorwe mmoja anayeitwa Aarup alitia nyavu za kutega ndani ya ghuba ya Winam, pale Kisumu. Hizi si za kuvuta. Unaziacha zimesimama majini kama ukuta usioonekana, samaki anaingiza kichwa kwenye tundu, anashikwa mashavuni, asubuhi unakuja kumtoa. Ziwa lilikuwa halijawahi kuona kitu kama hicho. Reli ilikuwa imefika Kisumu 1901, kwa hivyo samaki wa asubuhi alikuwa na njia ya kwenda kuuzwa mbali.

Kwa hivyo ndani ya mwaka mmoja milima ilipata samaki mpya na ziwa likapata chombo kipya cha kuua samaki. Ukifuata vile serikali ya mkoloni ilivyoshughulikia hivi vitu viwili, utaelewa kwa nini dani yangu wa Nyakach anaongea kuhusu ningu kama vile watu huongea kuhusu marehemu.

Wacha kwanza niwapange wale hawajui hizi sehemu. Pap Onditi ni soko Nyakach, kaunti ya Kisumu. Pap kwa Dholuo ni mahali tambarare, na kweli ni tambarare, hadi uinue macho uone mlima wa Nyabondo umesimama nyuma. Mto mkubwa wa huku ni Sondu, na sisi wa chini tunauita Miriu. Kwenye ramani wameamua kuandika yote mawili, Sondu-Miriu, ndio mtu asikasirike. Maji yake yanatoka msitu wa Mau. Kule juu kuna mito midogo, Kiptiget, Itare na mingine, inayokutana na kufanya Yurith. Yurith inakutana na Kipsonoi, na hapo ndipo Sondu inazaliwa. Halafu inashuka, inapita mji wa Sondu, inaporomoka Odino, inatambaa Nyakach, inaingia ziwani.

Sasa Kiptiget, huo mto mdogo wa juu, ni mto wa trauti. Trauti walisambazwa kutoka Aberdare hadi Mlima Kenya hadi mito baridi ya Kericho. Wale wa majani chai walipojipanga Kericho miaka ya 1920, Brooke Bond na wenzao, walitaka kila kitu cha nyumbani kwao: gofu, klabu, na mto wenye trauti. Tea Hotel ya Kericho, iliyojengwa miaka ya 1950, ilikuwa inapangia wageni wake safari za kuvua Kiptiget. Unalala kwa shuka nyeupe, asubuhi unaenda mtoni na fimbo.

Kwa hivyo maji yanayopita kwa trauti wa mzungu ndiyo maji yanayofika kwa ningu wa dani yangu. Ni mto mmoja. Hii ndiyo kitu ilinifanya nianze kusoma hii stori, na nimeisoma kwa simu na kwa maktaba za watu, kwa sababu chuo niliacha mwaka wa pili na kadi yao ya maktaba ikaisha.

Uvuvi wa trauti nao ni kitu tofauti kabisa na uvuvi tunaoujua. Hawatumii minyoo. Wanatumia nzi wa bandia: ndoana ndogo, imefungwa manyoya ya ndege na uzi hadi ikafanana na mdudu aliyeanguka majini. Huyo nzi hana uzito wowote, kwa hivyo huwezi kumrusha kama unavyorusha jiwe. Kinachorushwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mzito, unapelekwa nyuma na mbele hewani kama kiboko, hadi nzi atue polepole juu ya maji. Ukitua vibaya, trauti anatoroka. Ukipiga kivuli majini, anatoroka. Ukikanyaga jiwe lililegea, pia.

Oktoba iliyopita nilienda Kiptiget kuona na macho yangu. Matatu Sondu hadi Kapsoit, nyingine hadi Kericho, halafu boda na miguu. Kijana wa huko, mtoto wa kuchuma chai, ana fimbo ya zamani aliyoachiwa na mgeni. Alinifundisha masaa matatu. Nzi wangu alishika shati langu, akashika mti, akashika kofia yake, mto hata hakugusa. Yeye alipata trauti mmoja, urefu wa kiganja na nusu, ana madoadoa, mrembo manze, siwezi kudanganya. Akamwangalia, akamrudisha majini. Nilishtuka. Mimi natoka kwa watu ambao samaki akitoka majini amemaliza safari yake.

Vitabu vya Kiingereza vingesema hiyo ilikuwa siku ya vuli. Hapa sisi vuli ni mvua fupi, kwao vuli ni majani kupukutika na baridi kuanza. Lakini kwa wavuvi wa trauti wa Ulaya, vuli ina maana nyingine ya muhimu zaidi: ndio wakati trauti wa kahawia wanapanda vijito kutaga mayai, na msimu wa kuwavua unafungwa. Unaweka fimbo yako ndani hadi mwaka ujao. Unamwachia samaki nafasi azae. Hii si sayansi ya juzi. Wamefanya hivyo miaka mingi, ni adabu yao na ni sheria yao.

Na walipokuja huku walibeba hiyo adabu pamoja na mayai. Trauti wa Kenya alipata leseni yake, kanuni zake, nzi wa bandia na fimbo tu, hakuna wavu, hakuna mtego. Alipata kituo cha kuzalishia vifaranga Kiganjo, karibu na Nyeri, ili mto ukipungua uongezwe. Alipata chama cha wavuvi wenye pesa na sauti. Ndani ya idara ya wanyamapori kulikuwa na ofisa mwenye cheo cha msimamizi wa samaki. Hugh Copley, mmoja wao, aliandika hadi vitabu. Mtu wa kijijini akiweka mgono kwenye mto wa trauti, hiyo ilikuwa kesi. Fikiria. Mto ulipita kwa shamba la babu yako kabla Grogan hajazaliwa, halafu mgono wa babu yako ndio unakuwa wizi.

Sasa shuka na mimi hadi chini.

Ningu ni samaki wa Ziwa Victoria. Haishi mahali pengine duniani ila hili ziwa na mito yake. Hakui sana, amejaa miiba midogo midogo, na kila mzee wa Nyakach atakuambia hakuna samaki mtamu kumliko. Maisha yake ni hivi: anakulia ziwani, mvua ikinyesha mito ikifurika, anapanda mto kwa makundi makubwa, anaingia kwenye nyasi zilizofunikwa na mafuriko, anataga, anarudi ziwani. Masika anapanda, vuli anapanda tena. Ni kama vile trauti wa Ulaya anavyopanda kijito, ila huyu wetu anafuata mvua badala ya baridi.

Wajaluo walijenga kek. Kek ni ua, fito na matete yaliyofungwa yakasimamishwa mtoni, na kwenye mianya unaweka migono. Inahitaji watu wengi, na inahitaji mtu anayejua mto: wapi maji yana nguvu, wapi chini kuna mawe, lini mafuriko yanakuja. Nilimuuliza dani yangu ningu walikuwa wanatafutwa vipi.

"Nyathina," akaniambia, "ningu hakuwa anatafutwa. Alikuwa anakuja."

Anasema mvua ya kwanza kubwa ikipiga Mau, hata kama Nyakach kumekauka, wazee walikuwa wanaona rangi ya maji ikibadilika na wanajua. Mahali pa kek palikuwa na wenyewe, huwezi kuamka tu ukaweka ua wako. Wanawake walibeba, walipasua, walianika na kukausha kwa moshi, na ningu mkavu alienda mbali kwa miguu, hadi kwa Wakipsigis, akarudi kama nafaka. Yeye alikuwa msichana mdogo miaka ya 1950, na hiyo ndiyo sehemu ya mwisho ya stori aliyoishi.

Najua kuna mtu atasema: lakini si kek pia ilikuwa inashika samaki akienda kutaga? Ndiyo. Sitaki kuuza picha ya mababu malaika. Lakini fikiria vile inafanya kazi. Ua wa fito mbele ya mto uliofurika hauwezi kuzuia kila kitu. Maji yanapanda juu yake, yanauvunja, yanapita pembeni kwenye nyasi, na samaki wanapita nayo. Ukitaka kek kubwa unahitaji ukoo mzima. Chombo chenyewe kilikuwa na kikomo, hata kama mwenye chombo alikuwa na tamaa.

Nyavu za Aarup hazikuwa na hicho kikomo. Zilianza kwa ngege, samaki mkubwa wa biashara wakati huo. Mwanzo wavu mmoja ulitoa ngege kwa makumi usiku mmoja. Haikuchukua muda. Mwaka 1927 na 1928 serikali ilimleta mtaalamu, Michael Graham, apime ziwa, na ripoti yake ikatoka 1929. Tayari Winam ilikuwa imechoka, wavu uliokuwa unajaa sasa unatoa samaki wa kuhesabu kwa vidole. Graham alipendekeza tundu la wavu lisiwe chini ya inchi 5, ili ngege mdogo apite akue kwanza. Ilifanywa sheria miaka ya 1930.

Hii ndiyo sehemu nataka mtulie nayo. Graham hakuwa mjinga, na hiyo sheria ya inchi 5 ilikuwa sheria nzuri. Tena, bila mtu kukusudia, ilimkinga ningu, kwa sababu ningu ni mwembamba, anapita kwenye tundu la inchi 5 kama mtoto anavyopita chini ya ua. Lakini sheria ya ziwa na sheria ya trauti hazikuwa na uzito mmoja. Trauti alikuwa na wenyewe waliokula chakula cha jioni na gavana. Ziwa lilikuwa kubwa, lina nchi tatu, na wavuvi wake ni watu ambao serikali iliwakumbuka wakati wa kodi ya kichwa. Shirika la pamoja la kusimamia uvuvi wa ziwa lilikuja kuundwa baada ya Vita vya Pili, 1947. Ziwa la ukubwa huo! Miaka 42 baada ya nyavu za kwanza.

Halafu miaka ya 1950 ikaja nailoni. Nyavu za kitani zilikuwa zinaoza, unazianika, unazishona kila siku. Za nailoni hazichoki na ni nyembamba, samaki hazioni. Ngege akapungua zaidi, wavuvi wakaanza kutumia matundu madogo kufuata samaki wadogo, wasimamizi wakashindwa, na badala ya kushindana na watu wakaifuta sheria yenyewe. Uganda na Tanganyika waliondoa inchi 5 mwaka 1956. Kenya ikaondoa 1961.

Unajua samaki gani anatoshea wavu wa tundu dogo? Na unajua ni wapi mahali rahisi zaidi pa kumpata? Mdomoni mwa mto, mvua ikianza, wakati amejaa mayai na anataka kupanda. Huhitaji kujua mto. Huhitaji ukoo. Unahitaji mtumbwi na nyavu, unazipanga pale Miriu inapoingia ziwani, na kila ningu anayetaka kuzaa lazima apitie kwako kabla hajazaa.

Waliona likitokea, hiyo ndiyo inaniuma. Mtafiti P.J.P. Whitehead aliandika 1959 kuhusu uvuvi wa mito ya Nyanza, kek na migono na kila kitu, wakati vilikuwa bado vipo. Mwaka 1965 mwenzake Cadwalladr akaandika kuhusu kuporomoka kwa ningu na vile uvuvi wa kienyeji wa Mto Nzoia ulivyokuwa unakufa pamoja naye. Nzoia si Miriu, lakini ni samaki yule yule, ziwa lile lile, nyavu zile zile. Yaani ndani ya miaka sita tu ripoti zilitoka kueleza jinsi kek inavyojengwa hadi kueleza jinsi inavyopotea.

Na hapa sitaki mtu anielewe vibaya. Trauti hakumla ningu. Hawajawahi hata kuonana. Trauti anataka maji baridi ya juu, ukimshusha Nyakach anakufa kwa joto kabla ya saa sita. Siwezi kumlaumu samaki. Ninachosema ni kwamba serikali ile ilikuwa inajua. Ilijua kwamba samaki anayepanda mto kuzaa anaachwa azae. Ilijua kufunga msimu, kutoa leseni, kukataza chombo, kuzalisha vifaranga na kurudisha mtoni. Ujuzi wote huo ulikuwepo nchini, umeandikwa, una bajeti, unatumika kilomita chache juu ya mto ule ule. Haukushuka. Uliishia mahali ambapo maji yanaanza kuwa ya joto na watu wanaanza kuwa weusi.

Wavuvi wetu nao? Ndio, ni mikono yetu ilishika zile nyavu, si ya Grogan. Mzee mmoja wa Kusa aliwahi kuniambia kila mtu aliona ningu wakiisha, lakini ukiacha wavu wako nyumbani mwenzako hataacha wake, na karo ya shule inadaiwa pande zote mbili. Sioni jibu la haraka kwa huyo mzee. Wakati wa kek angekuwa na ukoo wa kumwambia subiri. Wakati wa nailoni hakuwa na mtu, wala chifu wala chama.

Kuhusu mbuta nitapita haraka kwa sababu hiyo stori mnaijua. Aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, na moja ya hoja za wale maofisa ilikuwa kwamba ni samaki mzuri wa kupigana naye kwenye fimbo. Mchezo tena! Kufika miaka ya 1980 alikuwa ameshajaa ziwa na fulu wa aina mamia wameisha au wamebaki wachache. Viwanda vikaja, pesa ikaja, minofu ikaenda Ulaya, sisi tukabaki na vichwa na mifupa ya kukaanga. Kuna orodha maarufu ya viumbe 100 vamizi vibaya zaidi duniani. Mbuta yuko. Gugumaji la Winam liko. Trauti wa kahawia yuko, na trauti wa upinde wa mvua pia yuko. Wanne wetu wote ndani ya orodha moja, wawili wakiwa bado wanaitwa vivutio vya utalii.

Na kuna kitu cha ajabu zaidi. Wale nzi wa bandia, wa manyoya na uzi, Kenya ni moja ya nchi zinazowafunga kwa mkono na kuwauza nje. Walowezi walianza kufundisha watu kuwafunga kwa ajili ya mito yao, baadaye ikawa biashara kamili. Kuna wakenya, wengi akina mama, wanakaa mezani siku nzima wakifunga mdudu wa Scotland kwa ajili ya mto wa Montana, na hawajawahi kuona trauti. Sisemi kazi ni mbaya, kazi ni kazi. Lakini vidole vyenye ustadi wa kiasi hicho viko hapa, na ukiuliza kijana wa miaka 20 wa Nyakach akujengee mgono, wengi hatujui tuanze na fito gani. Mimi nikiwa wa kwanza.

Sasa mto uko vipi leo? Miriu imebanwa. Mtambo wa umeme wa Sondu-Miriu ulianza kujengwa 1999, kukawa na mzozo wa vumbi, fidia na maji, na ukaanza kutoa umeme 2008, megawati 60. Maji yanachukuliwa kutoka mtoni, yanapitishwa kwenye handaki la takriban kilomita 6 ndani ya mlima, yanashuka kwa mashine. Baadaye Sang'oro ikaongezwa chini yake, megawati 21, inatumia maji yale yale yakitoka. Umeme tunauhitaji, mimi nachaji simu na hii post ilihitaji chaji. Lakini kati ya mahali maji yanachukuliwa na mahali yanarudishwa, mto wakati wa kiangazi unakuwa mwembamba, na Odino si ile ambayo wazee wanaielezea. Juu, Mau imekatwa. Mvua ikipiga, maji yanashuka yote mara moja yakiwa matope, halafu yanaisha mapema. Ningu anasoma mto kwa kiasi cha maji. Hiyo ndiyo saa yake, na tumeichezea.

Lakini hajaisha kabisa, na ndiyo sababu naandika badala ya kulia. Bado wanapatikana mmoja mmoja mitoni mvua ikianza. Watafiti wa Kenya na Uganda wameshaweza kumzalisha ningu kwenye mabwawa kwa kumpa homoni, kwa hivyo ile kazi ambayo Kiganjo imekuwa ikifanyia trauti inawezekana kufanyiwa ningu. Tena kufunga msimu si kitu kigeni kwetu: omena wanafungiwa kila mwaka, Aprili hadi Julai, na wavuvi wanalalamika lakini wanaheshimu, wengi wao. Vikundi vya kusimamia fukwe vipo kisheria tangu 2007. Kumfungia ningu mdomo wa mto mmoja, wiki chache za mvua ya kwanza, ni kazi ndogo kuliko omena ya ziwa zima. Ndio wiki hizo tu. Wavuvi wa Kusa na wale wa ng'ambo ya mto wanajua ni zipi kuliko mimi na kuliko ofisa yeyote wa Kisumu.

Kuna wale watakuja na hoja kwamba ningu hana pesa, mbuta ndiye mwenye pesa. Sawa. Trauti naye alikuwa anaingiza pesa gani 1905? Alilindwa kwa sababu kuna watu walimpenda na walikuwa na uwezo wa kumlinda, mwisho wa hesabu. Kericho hawakusubiri ripoti ya faida.

Mvua ya Aprili nitakuwa Miriu, siku ya kwanza maji yakibadilika rangi, na kamera, na dani akikubali nitamkalisha kwenye kiti pale ukingoni. Amekubali kwa sharti moja, tusimweke kwenye matope. Kama una babu au dani wa Nyakach, Kano au upande wa Nzoia aliyewahi kujenga kek au hata kubeba migono tu, mrekodi wiki hii. Muulize fito zilikuwa za mti gani, zilifungwa na nini, na nani alikuwa na ruhusa ya kusema leo ua unafunguliwa.